Alama za Kuingia

Nyandumbi,
1 Juni 2025

Kwa mwanangu Sabra,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na mume wako Abdulhalim na huyo mgeni wetu aliye tumboni. Mimi sijambo, Alhamdulillah, ukiacha goti, na ukiacha sikio la kushoto ambalo sasa limefunga duka kabisa. La kulia linafanya kazi mtu akiniinamia na kupaza sauti. Ndiyo maana nakuandikia. Juzi ulipopiga kwa mwalimu Twalibu nilishika simu nikaitikia "ee, ee" kwa kila kitu, na baadaye akanieleza kwamba uliniuliza kama nalala na njaa nikasema ee. Usinitie aibu kwa simu, mwanangu. Kusoma na kuandika nilijifunza ukubwani kwa taabu, acha nitumie.

Habari kubwa ni bustani. Unaijua zahanati yetu. Wajawazito wa vijiji vya mbali huja wiki mbili kabla ya siku zao, wakangoja kwenye kile chumba cha nyuma, na chakula chao kilikuwa ugali na chumvi. Twalibu, ambaye tangu astaafu ualimu hawezi kukaa kimya, akatukusanya watu kumi na wanne tukajitolea kulima kile kipande kati ya zahanati na mto. Hatulipwi. Tumepanda mchicha, bamia, bilinganya na matembele, na vyote vinaingia kwenye sufuria ya wale wanawake. Wiki iliyopita mmoja wao kala bamia mpaka nesi akamnyang'anya sahani.

Maji tunachota mtoni. Najua hapo umeshashika kifua, hebu tulia. Fikirini, mwenzetu wa bustani, ametujengea kizimba: nguzo zimepigwa kwenye tope zikabanana, ukubwa wa chumba kimoja, na mlango wa kufunga upande wa nchi kavu. Maji yanapita, yeye hapiti. Unamjua ninayemsema. Simtaji mtoni na simtaji kwenye karatasi.

Tena kuna utaratibu. Kabla ya kuchota, anayeingia anachukua upondo wa mtumbwi, ule mti mrefu, na kuupiga ndani ya kizimba, kila pembe mara tatu. Kisha anashuka na ndoo, na mwenziwe anasimama ukingoni pembeni ya mlango, mgongo kwa anayechota, macho yakiangalia mto, kwani hatari inatokea huko. Haruhusiwi kugeuka hata aitwe na nani. Akiona kitu anapiga kelele, na wa ndani anatoka mbio. Mimi nimepangwa na Swaumu, na tunachota siku zetu wakati wa alasiri.

Utasema, mama, kelele hizo utazisikia kwa sikio lipi? Swaumu naye aliuliza hivyohivyo. Yeye peke yake ndiye anayejua kuhusu masikio yangu, tuliochezwa unyago siku moja hatufichani. Basi amenifunga kamba ya katani kiunoni, ncha anaishika yeye. Akivuta mara mbili, natoka. Nikijaza ndoo, navuta mimi mara moja, naye ananyoosha mkono nyuma bila kugeuka, anapokea. Tunacheka sana. Anasema nimekuwa mbuzi wake.

Wengine wasijue. Wakijua watanikalisha kivulini nichambue mchicha, na mimi sijafika huko. Niamini mimi, pako salama.

Mama yako,
Mwajabu


Lindi,
8 Juni 2025

Kwa mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Idi njema, japo imeshapita jana. Tuliswali salama, tukala pilau kwa mama mkwe. Mimi naendelea vizuri ila presha inapanda na kushuka. Daktari amenikataza kusafiri mpaka nijifungue, na mwezi ni wa saba sasa.

Mama, nilisoma barua yako nikaiweka chini, nikaenda kukaa uani mpaka Abdulhalim akaja kuniuliza kuna nini. Naogopa. Nasema wazi, maana wewe ukiogopa unatania na mimi sijui kutania. Mama, una kamba ya mbuzi kiunoni, umeshuka kwenye maji ya mamba, na husikii. Mimi namtaja. Mamba.

Umesahau ndoo ya dada yake Shaabani, jirani yetu? Mimi ndiye niliyeiona. Nilikuwa na miaka tisa, nimekwenda kuosha vyombo, nikaona ndoo ya kijani inaelea peke yake na kata ndani yake. Nikadhani ameisahau. Nikaivuta kwa mti, nikafurahi kwamba nimemwokolea ndoo yake, nikampelekea mama yake nyumbani. Mpaka leo nikiona ndoo ya kijani dukani napita upande mwingine.

Njoo Lindi. Njoo sasa, usingoje nijifungue. Kama hutaki, basi mwambie mwalimu Twalibu ukweli kuhusu masikio. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi.

Mwanao,
Sabra


Nyandumbi,
16 Juni 2025

Kwa Sabra, mwana wa tumbo langu,

Marahaba. Tumepokea salamu za Idi na Swaumu anakurudishia zake, anasema umwangalie vizuri mjukuu wake. Afya yangu ni ileile, na presha yako inanisumbua kuliko goti langu. Kula matembele, acha chumvi.

Sasa nikugombeze. Wewe ni nani wa kunichongea kwa Twalibu? Nilikuzaa kwenye kile chumba cha nyuma, mwaka wa mafuriko, nimekaa siku kumi na nane nikila ugali wa jana. Siku ya kumi na tisa nikasukuma sina nguvu, na mkunga akasema huyu mwanamke hana damu. Nilidhani tunakwenda wote wawili. Nikiwaona wale watoto wa watu wamekaa mkekani na matumbo yao wakiningoja nilete mboga, najiona mimi. Ndiyo maana nashuka. Si ubishi.

Wala sikufichi, naogopa. Nikiinama, maji yakiwa rangi ya chai ya maziwa, sioni hata vidole vyangu vya miguu, na ngozi ya mgongo inanisisimka. Juma lililopita mbuzi wa Zaidi alichukuliwa pale chini ya mgomba, hatua mia kutoka kwetu. Si Zaidi kondakta anayetuletea barua, ni yule mwingine, mvuvi. Watu wanasema yule nisiyemtaja amehamia upande wetu kwa sababu mto umepungua na vidimbwi vya nyuma vimekauka. Tangu siku hiyo Fikirini ameongeza nguzo, na mmoja wetu kila asubuhi maji yakipwa anazunguka kizimba anatikisa nguzo mojamoja. Jumamosi ni zamu yangu.

Usimwambie Twalibu. Nakuahidi, wiki ya kwanza ya Agosti nafunga virago nakuja kukulea uzazi. Nipe huu mwezi na nusu tu.

Mama yako


Lindi,
21 Juni 2025

Mama mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima, na nyote tunawaombea uzima huko.

Sitamwambia Twalibu. Nimelia, nimeswali, nimekubali. Hicho chumba cha nyuma hukuwahi kunisimulia.

Kwenye kifurushi hiki kuna kamba. Abdulhalim ameipata bandarini kwa wanaofunga majahazi ya mizigo, ni ya nailoni, ya bluu, meta kumi na mbili. Alining'inia nayo mwenyewe kwenye dari nimwone. Hiyo ya katani tupeni. Na mniapie mambo mawili: kamba isiwe fupi kamwe, na upondo upigwe kila siku, kila pembe, hata kama mmechelewa, hata kama jua linazama. Mwambie Bi Swaumu kwamba ni mimi niliyesema. Alinisuka nywele miaka saba, ana haki ya kunisikiliza mara moja.

Mwanao,
Sabra


Nyandumbi,
28 Juni 2025, Jumamosi

Kwa mwanangu Sabra,

Assalaam alaykum, na mwaka mpya wa Kiislamu uwe wa kheri kwako na kwa mtoto. Sisi hatujambo. Kamba imefika. Swaumu kaifunga kiunoni akacheza nayo mbele ya zahanati mpaka wajawazito wakashika matumbo kwa kucheka. Ametupa ile ya katani kama ulivyoagiza, na ameapa mambo yako mawili, mkono juu.

Mwezi umeandama na bamvua limekuja kubwa. Juzi na jana maji yalipanda kutoka upande wa bahari mpaka yakalamba matuta ya mwisho ya mchicha. Udongo umeloa, kwa hiyo tangu Alhamisi hakuna aliyechota. Tutaanza tena keshokutwa, Jumatatu alasiri, na zamu ni ya mimi na Swaumu.

Leo ndiyo ilikuwa zamu yangu ya kukagua, nami nimefanya kazi ya kiume. Maji yalipopwa nimekuta bamvua limelaza nguzo tatu upande wa mto. Pengo la kupita ng'ombe! Na kwenye tope la pengo palikuwa na mburuzo mpana, kama wa mtu aliyeburuta gunia la mpunga, umetoka mtoni umeingia ndani. Alikuja kuchungulia, mshenzi yule, akakuta maji machache akaenda zake. Sikumwita mtu. Nimeingia topeni mpaka magotini, nimesimamisha nguzo zote tatu peke yangu, nimezigongomea kwa nyundo ya Fikirini na kuzikaza kwa waya. Tope nikalisawazisha kwa jembe. Sasa hata panya hapiti. Goti linanidai, lakini nimefurahi. Nimewaambia wote: kizimba ni kizima, nimekiziba mwenyewe.

Duka la Juzer pale njia panda, Zaidi anakoacha barua zako, limefungwa tangu Alhamisi. Yeye na mkewe Nazia wamekwenda Dar kwa zile siku zao kumi za Muharamu, kama kila mwaka. Hapa kijijini tumekuwa gizani, maana sola ya zahanati ni mbovu na simu zote tulikuwa tunachajia kwake. Ya Twalibu imezima jana, ya Swaumu imezima leo. Barua hii namkimbizia Zaidi kondakta barabarani kwa bodaboda.

Wewe lala vizuri. Niamini mimi.

Mama yako,
Mwajabu


Lindi,
29 Juni 2025, Jumapili

Mama,

Shikamoo mama. Sina nafasi ya salamu, nisamehe.

Barua yako nimeichukua stendi sasa hivi, nimeisomea palepale juu ya benchi. Mama, huo mburuzo uliingia. Umeandika mwenyewe: umetoka mtoni umeingia ndani. Wa kutoka uliuona wapi? Akaenda zake kwa njia ipi? Kama kuna alama moja tu, na wewe ukaziba pengo, basi hukumfungia nje. Umemfungia ndani.

Usishuke. Bi Swaumu asishuke. Mtu yeyote asiguse maji ya humo mpaka Fikirini na wanaume wapige upondo wakiwa juu, na hata wakipiga, asishuke mtu. Mwambie Bi Swaumu asiangalie mto. Aangalie ndani.

Nimepiga simu ya mwalimu Twalibu mara kumi na nne, haipatikani. Ya Bi Swaumu haipatikani. Nimempata Juzer, yuko Dar msikitini, akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada Sabra, duka limefungwa, hakuna mtu pale mpaka Jumatatu ya wiki ijayo." Nikamuuliza jirani mwenye simu. Akasema wote wanachajia kwake.

Abdulhalim amekwenda Mtwara kikazi, nimemwambia arudi. Zaidi anaondoka na basi kesho alfajiri, atapita Ndundu mchana na njia panda yenu kama saa saba. Ninyi mnachota alasiri. Nimemwambia asiiweke barua dukani, ampe bodaboda yeyote aikimbize zahanati, na nauli ya bodaboda nimempa. Ameniambia, "Usijali dada, itafika." Nje ya bahasha nimeandika HARAKA kwa wino mwekundu.

Mama, nakuomba kwa maziwa uliyoninyonyesha, usishuke.

Sabra


Lindi,
2 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. Ni Jumatano na sijapata neno.

Leo nimemkamata Zaidi stendi. Nikamuuliza bodaboda gani aliyempa barua. Akaanza kukuna kichwa. Basi lilikuwa limechelewa, abiria wanapiga kelele, akaruka chini akafanya kama alivyozoea miaka yote: aliisukuma chini ya mlango wa Juzer. Alikumbuka walipofika Kibiti. Ameniomba radhi mbele za watu, nami nikageuka nikaondoka.

Kwa hiyo barua imelala ndani ya duka lililofungwa, na hii nayo sijui nimpe nani. Nitampa Abdulhalim mkononi. Amefika kutoka Mtwara leo jioni na kesho anakuja huko. Nesi amenilaza, presha imekataa kushuka. Nikifumba macho naiona ile ndoo ya kijani.

Mama, andika hata neno moja. Andika jina lako tu.

Mwanao


Nyandumbi,
13 Julai 2025

Kwa mwanangu Sabra,

Assalaam alaykum. Abdulhalim aliniambia kwamba ulilazwa na kwamba umetoka, na mtoto anacheza. Nimesujudu. Mimi nipo, mwanangu. Mwandiko huu mbaya ni wa vidole viwili, vingine bado vina bandeji. Ningemwambia Twalibu aniandikie, lakini haya lazima niyaandike kwa mkono wangu. Abdulhalim alikupelekea aliyoyasikia kwa watu. Nakuandikia niliyoyafanya.

Jumatatu ile tulikwenda saa kumi. Nilikuwa nachechemea kwa sababu ya lile goti nililolitesa topeni. Swaumu akaniona, akaniinamia sikio la kulia akapaza sauti, "Leo we n'shikie kamba, mie n'takuteremkia. Umeshafanya kazi ya wanaume watatu, unataka nini tena?" Nikabisha kidogo, nikakubali. Akajifunga ile ya bluu kiunoni. Ncha nikaizungusha mkononi mara mbili, maana ni ndefu, tuliifuata amri yako. Nikasimama pembeni ya mlango, nikampa mgongo, nikaangalia mto. Mto ulikuwa umetulia kabisa. Nikasema moyoni, leo hakuna kitu.

Ndoo ya kwanza kamba ilivutwa mara moja, nikanyoosha mkono nyuma, nikapokea. Ya pili vilevile. Ya tatu kamba ikavutwa mara moja, kwa nguvu na kwa muda mrefu. Nikacheka. Nilidhani anatania, unamjua alivyo. Nikanyoosha mkono nyuma kupokea ndoo, macho yangu mtoni, kama utaratibu ulivyo. Ndoo haikuja. Nikachezesha vidole, kumwambia lete basi. Haikuja.

Mwanangu, wajawazito walimsikia kutoka chumba cha nyuma. Walimsikia, wakatoka na matumbo yao wakikimbia. Twalibu alimsikia kutoka kwenye bilinganya. Mimi nilikuwa hatua tatu, sikusikia. Nilisimama nimenyoosha mkono kama ombaomba, na mwenzangu analiwa nyuma yangu.

Kamba ndiyo iliyonigeuza. Ilinikaza mkono ikaniangusha. Nikamwona. Sitaki kukueleza nilichokiona, ila mkono wake wa kushoto ulikuwa umeingia wote mdomoni mwa mamba. Leo namtaja. Mamba, mamba, mamba. Nilikuwa nimeogopa jina nikaacha kuogopa alama.

Nilivuta. Nilizungushia kamba kwenye nguzo ya mlango nikaegemea nyuma, ikawa inanikata viganja, sikuachia. Anavuta yeye, navuta mimi, na Swaumu katikati. Sijui ni muda gani. Fikirini akaja akampiga yule mnyama upondo machoni, wengine wakamshika Swaumu, akatoka. Kamba haikukatika. Mumeo aliyening'inia nayo darini, mwambie haikukatika. Mkono uliishia kwenye kiwiko.

Wakampeleka hospitali kwa pikipiki ya nesi hadi barabarani, na kutoka pale kwa gari la mchanga lililokuwa likipita. Mamba alipigwa risasi Jumanne na watu wa wanyamapori, humohumo kizimbani. Hakuwa na pa kutokea. Nguzo zangu tatu zilikuwa imara.

Toka siku hiyo kila mtu ananisifu. Bibi kizee kamshinda mnyama kwa kamba! Watu wananiletea samaki na maziwa. Kila wakija nataka kusema, kisha napokea tu walicholeta. Nilikuwa bado ninajidanganya kwamba labda aliruka juu ya nguzo, labda aliingia Jumapili. Kisha Jumatatu ya wiki hii Juzer akarudi akafungua duka, akaikuta bahasha sakafuni. Akaileta mwenyewe, bila kuituma. Nikaona HARAKA kwa wino mwekundu na tarehe. Niliisoma nimekaa kwenye tuta, pale nilipokaa kukuandikia kwamba hata panya hapiti. Wewe uko Lindi, huuoni hata mto, ulijua kwa kusoma mstari mmoja. Mimi nilisimama juu ya zile alama kwa miguu yangu, nikazifuta kwa jembe.

Sikuweza kulala na hilo peke yangu. Jana nimekwenda hospitali kumwona Swaumu, na barua yako nimeitia kifuani. Nimemkuta amekaa kitandani, amekonda, kafungwa kitambaa mpaka begani, akanichekea. Nikamwambia yote: pengo, mburuzo, jembe, kwamba sikumwita mtu kwa sababu nilitaka nisifiwe. Nikampa barua yako aisome mwenyewe. Aliisoma polepole, karatasi ameilaza juu ya mapaja.

Akamaliza, akanitazama. Nilidhani ananiambia kitu na mimi sisikii, nikamwinamia. Akatikisa kichwa. Akaomba kalamu kwa nesi, akaandika nyuma ya barua yako. Mstari mmoja tu. Nakunakilia kama ulivyo:

"Upondo sikupiga siku ile, kwa kuwa ni wewe uliyeziba."

Sabra, nilitamani aandike tusi. Alikuwa amekuapia, mkono juu, na hakuwahi kuuacha upondo hata siku moja. Aliuacha siku ile peke yake. Aliuona umeegemezwa pale, akaupita, kwa sababu rafiki yake wa miaka hamsini alimwambia pako salama.

Nikalia. Akanishika kichwa kwa mkono uliobaki, akanivuta mpaka mdomo wake ukawa kwenye sikio langu zima, akasema kwa nguvu, wodi nzima ikasikia, "Nani anamwagilia?" Nikamwambia hakuna, watu wameogopa, mchicha umelala. Akasema, "Basi umenikatisha mkono bure."

Leo asubuhi nimewaita wote kumi na wawili bustanini. Nimewaambia habari ya masikio. Nimewaambia habari ya pengo. Twalibu alivua kofia akaishika mkononi, Fikirini akaondoka bila kuniangalia, na sijui kama atarudi. Kisha mama mmoja wa kile chumba cha nyuma, wa kutoka visiwani, ambaye siku zake zimekaribia kabisa, akauchukua upondo akaenda mpaka ukingoni akaanza kupiga. Pembe zote nne. Alipomaliza, Twalibu akaupokea akapiga tena yeye. Kisha mimi. Tumekubaliana hivyo: kila atakayekuwepo atapiga kwa mkono wake, hata kama aliyepiga kabla yake ni mama yake mzazi. Tumechota ndoo sita tu. Niliogopa kila ndoo.

Mimi nimejiondoa kwenye zamu ya maji. Nimekaa kivulini nachambua mchicha, na wala hakuna aliyenikalisha.

Nitakuja tarehe moja Agosti, Inshallah. Nitakuogesha, nitakukanda, nitamlea mtoto. Lakini sikiliza nikuagize jambo moja, na ulishike mpaka nitakapozikwa. Siku nikikwambia maji ya kumwogesha yamepoa, chovya kiwiko chako mwenyewe. Siku nikikwambia chini ya kitanda hakuna kitu, inama uangalie. Nimekuandikia mara mbili uniamini. Naomba unirudishie maneno hayo.

Mama yako,
Mwajabu